Kofia Yenye Tarehe

Kichwa cha mtoto wa miaka minne, ukikizungushia utepe juu kidogo ya masikio, hukupa sentimita 50 hivi. Kofia yake huifumi kwa kipimo hichohicho. Unapunguza sentimita 3 au 4, maana uzi hunyumbuka, na ukiifuma 50 kamili itamshukia machoni kabla hajafika getini. Hesabu hiyo niliijua nikiwa kidato cha pili, kwenye kibaraza cha mama mdogo pale Sanawari, Arusha, nilikokuwa nikipitishia jioni zangu zote.

Mama mdogo alikuwa fundi. Cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya dirisha, na mbele ya kibaraza ilipita barabara ya kupanda Ilboru: vifodi vikigombania abiria, akina mama wakishuka na mikungu ya ndizi kutoka mashambani. Asubuhi na mapema Mlima Meru ulionekana wote mpaka kileleni. Ikifika saa nne ulikuwa umeshajifunika mawingu. Juni na Julai baridi yake iliteremka mpaka kwetu, tukafanya kazi tumejitanda mashuka ya Kimasai. Kila Alhamisi jioni wanakikoba wenzake walikusanyika hapo kuweka hisa na kurejesha mikopo, huku mikono ikifuma. Walifuma vitambaa vya makochi, masweta ya shule, soksi za vichanga. Kukaa mikono mitupu kwenye kibaraza kile ilikuwa sawa na kukaa bila kusalimia.

Mwishoni mwa mwaka 2010 mmoja wao alikuwa akimwogesha binti yake, sabuni mkononi, akahisi kitu kigumu ubavuni. Mtoto hakuwa akilalamika maumivu. Alikuwa akila, akicheza, akikimbizana na kuku. Ni tumbo tu lililokuwa limevimba upande mmoja, na nyumbani walidhani ni minyoo au ni shibe. Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye figo, saratani ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, na mara nyingi hugunduliwa hivyohivyo, na mama mwenye sabuni mkononi. Rufaa ikaandikwa ya kwenda Dar es Salaam.

Siku hizo neno saratani halikutamkwa kirahisi Sanawari. Watu walisema uvimbe, au ugonjwa ule. Saratani ilikuwa ya wazee, tena wazee wa mbali. Mtoto wa miaka minne kuwa nayo, wengine walianza kumtafuta mbaya wao. Kikoba kilichanga nauli bila maswali. Kisha Koko, bibi wa Kiarusha aliyekuwa mkubwa wao wote, akasema pesa zitaishia njiani. Mtoto naye ashike cha kwake.

Koko ndiye aliyeuliza kama Dar kuna joto, akaambiwa ni joto la kulala bila shuka. Basi sufu hapana, akasema, tutafute pamba. Pamba ilipatikana Tengeru, Jumamosi, kwenye malundo ya mitumba. Wengine huchagua sweta kwa rangi na kwa ukubwa; yeye aliomba kibiriti. Alichomoa uzi mmoja kwenye upindo, akauwasha, akanusa. Ukinukia nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni nailoni na jamaa zake. Ukiwaka kama karatasi na kubaki majivu laini, hiyo ni pamba. Muuzaji alilalamika kwamba bibi anamchomea mali, Koko akamjibu, "Mjukuu wangu, nakununulia zote zinazoungua vizuri." Alinunua tatu.

Nyumbani tulizifumua. Uzi wa sweta kuukuu hutoka umejikunja kama tambi, na ukiufuma hivyo kofia itakuwa na matuta. Kwa hiyo tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga mafundo manne, tukauchemsha kwenye sufuria yenye sabuni ya mche, kisha tukauning'iniza kwenye kamba na chupa ya maji chini yake ili uzito uunyooshe. Pamba huvumilia kuchemshwa. Sufu ingesinyaa ikawa gunzi. Kuchemsha hakukuwa mbwembwe. Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, na mtoto aliye kwenye dawa anaweza kuzidiwa na kijidudu ambacho mwenzake angekipiga chafya tu. Kofia ilipokamilika ilifuliwa tena, ikaanikwa juani, ikapigwa pasi ya mkaa pande zote mbili na kufungwa kwenye mfuko safi.

Nimesoma baadaye kwamba huko Ulaya kofia hizi hufumwa ili mtoto asione haya kwa kupoteza nywele. Kwetu upara wa mtoto si habari. Shule ya msingi nzima hunyolewa vipara, wavulana kwa wasichana, na hakuna anayekutazama mara mbili. Kilichomtofautisha yule binti baadaye zilikuwa nyusi. Nyusi zikipukutika, sura ya mtoto hubadilika hata kwa mama yake. Kofia ilikuwa na kazi nyingine. Alikuwa kitinda mimba kwenye nyumba ya watoto wengi: gauni la dada, viatu vya kaka, sweta lililopita migongo mitatu. Kile ndicho kitu cha kwanza kilichotengenezwa kwa kipimo cha kichwa chake yeye, na alijua. Dada yake alipojaribu kukivaa kilimbana. Binti alicheka mpaka akakaa chini.

Mdoli alikuja pamoja na kofia. Mama mdogo alimshona kwa mabaki ya vitenge, tumbo la vipande vya fulana, macho ya kudarizi. Vifungo alivikataa, kwa kuwa mtoto akishaachwa na mdoli kitandani, kifungo huishia mdomoni. Mkononi mwa mdoli alishona uzi mwekundu mrefu, na huo ndio ulikuwa dripu. Tumboni hakuweka kitu. Pale palisubiri.

Mtihani wa kidato cha pili ulipokwisha, mama mdogo alinichukua tuwasindikize. Basi liliondoka alfajiri na kutufikisha jioni, zaidi ya kilomita 600: Moshi, Same, mkonge wa Korogwe, Chalinze, halafu joto. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni, kwenye jengo ambalo Wajerumani walilijenga kama hospitali mwishoni mwa karne ya 19. Tangu mwaka 1996 ni taasisi inayojitegemea, na wakati ule ndiko walikotibiwa watoto wenye saratani kutoka kila pembe ya nchi. Barabara ya mbele yake bado iliitwa Ocean Road. Ilikuja kubatizwa Barack Obama mwaka 2013. Wodini nilikuta Mwanza, Mbeya, Mtwara na Kigoma katika chumba kimoja, akina mama wakifuliana nguo na kushikiana watoto.

Sista aliyempokea binti alimwona mdoli kabla ya kumwona mgonjwa. Alichukua plasta, akaugandisha ule uzi mwekundu mkononi mwa mdoli, akamwambia binti amshike mwenzake asiruke. Alipogeuka kumtoboa yeye, binti alikuwa bado amemshika mdoli kwa mkono mwingine, akimwambia apunguze kelele. Alilia, ndiyo. Ila hakuvutana. Miongoni mwa dawa alizopewa ilikuwa vinkristini, ambayo hutolewa kwenye mmea wenye asili ya Madagaska, wenye maua madogo ya waridi na meupe. Watu wa Pwani huuona kila siku pembeni mwa nyumba zao na hata makaburini, ukistawi kwenye mchanga bila kumwagiliwa.

Kitanda cha jirani alikuwako mama wa Kimasai kutoka upande wa Longido. Mwanawe alivaa kamba ya shanga mkononi, na kila alipochomwa sindano, mama alifungua fundo na kuongeza shanga moja. Mtoto ndiye aliyechagua rangi. Wakati huo kulikuwa na mpango wa namna hiyo Marekani ulioanza mwaka 2004, ukiitwa Beads of Courage, ambapo mtoto hupewa shanga kwa kila hatua ya tiba. Yule mama hakuhitaji kuusikia. Shanga kwao zilishakuwa zikisema umri, ndoa na uzazi. Kuzisemesha sindano ilikuwa kuongeza sentensi moja.

Shanga zile zilihesabu yaliyopita. Sisi tulikuja kuhesabu yajayo, na tulifika huko kwa njia ya kawaida kabisa, njia ya daftari la fundi. Kila fundi analo. Jina, kifua, kiuno, urefu, na mwisho siku ya kuchukua. Fundi na siku ya kuchukua ni watu wasioelewana, kila mteja anajua wimbo wa njoo kesho. Mama mdogo naye alikuwa na dhambi hiyo kwa magauni ya harusi. Ila mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo aliniambia niandike ukurasa wa binti: kichwa sentimita 50, rangi apendayo njano, na kwenye nafasi ya siku ya kuchukua niandike siku ambayo daktari amemtaka arudi. Kofia inayofuata, au gauni la mdoli, lazima liwe tayari jioni ya kuamkia safari. Hapo hakukuwa na njoo kesho.

Februari 2011 binti alipasuliwa na figo lenye uvimbe likaondolewa. Siku chache kabla, mama mdogo alikuwa amemrudishia kwa basi mdoli wake, aliyeongezewa mshono mwekundu tumboni, mshono mzuri wa msalaba, ili mtoto ajue mapema atakachoamka nacho. Kisha wakaruhusiwa kupumzika nyumbani kwa muda. Tumbo limelala, mtoto anakula loshoro, anacheka. Na hapo ndipo hatari kubwa ilipokuwa. Tiba ya uvimbe wa figo ina sehemu tatu: dawa za kuusinyaza, upasuaji, halafu dawa tena kwa miezi, za kuua mbegu zilizobaki ambazo jicho halizioni. Mzazi aliyetumia akiba yote, aliyeacha shamba na watoto wengine, akimtazama mtoto mwenye tumbo tambarare huuliza swali la haki: dawa za nini tena? Watoto wengi katika nchi kama yetu hupotelea hapo, katikati ya matibabu, si kwa sababu dawa ilishindwa bali kwa sababu hawakurudi kuimalizia.

Na ulikuwa mwaka wa Loliondo. Nani Arusha asiyekumbuka Machi 2011? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, huko Loliondo, kwa shilingi 500, na ilisemekana kinatibu kisukari, Ukimwi, saratani. Kutoka mjini ni zaidi ya kilomita 300, nyingi zikiwa za vumbi, kupita Mto wa Mbu na pembeni mwa Ziwa Natron. Land Rover, basi, lori, kila chenye magurudumu kilielekea huko, na foleni ilifika kilomita nyingi. Watu walilala njiani. Familia ya binti ilikuwa imeshapata nafasi kwenye gari. Babu yake alikuwa ameshalipia viti.

Mama mdogo hakwenda kubishana kuhusu kikombe. Alikwenda na utepe shingoni na kofia ya njano isiyofungwa ukingo. Koko aliongozana naye. Walisalimia, wakaketi, wakanywa chai. Babu akaeleza safari yake, nao wakaitikia. Kisha Koko akasema maneno ambayo nilikuja kusimuliwa hivi: "Mzee mwenzangu, mimi mwenyewe nataka kukinywa. Lakini kikombe kiko pale wiki hii na wiki ijayo. Dawa ya Dar ina tarehe, na sisi kofia tumeifuma kwa tarehe hiyo. Mtoto ameshaambiwa." Binti akaletwa, akapimwa kichwa mbele ya watu wote. Babu alikaa kimya kidogo, akauliza basi la Dar linaondoka saa ngapi. Yeye alikwenda Samunge, akanywa cha kwake. Mjukuu akaenda Dar.

Nimefikiri sana kwa nini kofia ilifaa. Daktari alikuwa ameandika tarehe ileile kwenye kadi ya kliniki, na kadi ilikuwa kabatini. Nadhani kadi ilikuwa mali ya hospitali, na hospitali iko mbali. Kofia ilikuwa mali ya mtoto, na waliokuwa wakiifuma walipita mlangoni kila siku kwenda dukani. Kuacha kwenda kliniki kungekuwa siri ya familia. Kuiacha kofia ipite siku yake kungejulikana kibarazani kote. Tena hakuna aliyelaumiwa wala kuhubiriwa. Watu walikuja kupima kichwa tu.

Daftari likaongezeka kurasa. Kutoka tambarare za Mbuguni, chini ya Usa River, kuliletwa mvulana wa miaka sita mwenye taya lililovimba. Zahanati moja ilimng'oa jino, kisha la pili, na taya likaendelea. Ugonjwa wake, saratani inayovimbisha taya, ulielezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Kampala, katika andiko lake la mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali, na ramani waliyoichora ikafanana na ramani ya malaria: ugonjwa uko chini kwenye joto na mvua, unatoweka ukipanda kwenye baridi. Leo inajulikana kwamba kirusi cha Epstein-Barr hushirikiana na malaria ya mara kwa mara kuuleta. Ndiyo maana sisi wa Ilboru na Sanawari hatukuwa na mazoea nao, na watu wa Mbuguni wanaolala na mbu walikuwa nao karibu. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini pia husikia dawa upesi, na watoto waliotibiwa kwa mpango maalumu Dar es Salaam na katika hospitali za Kenya na Nigeria kuanzia mwaka 2004, zaidi ya nusu yao walikuwa hai miaka miwili baadaye.

Mvulana wetu alichelewa. Kichwa sentimita 51, bluu. Siku ya kuchukua iliandikwa, na kofia ilikuwa tayari. Mama mdogo aliipeleka msibani, akamkabidhi mama wa mtoto mkononi, na hakuna aliyefuta ukurasa.

Baada ya msiba huo maongezi ya Alhamisi yalibadilika. Akina mama walianza kuulizana mambo ambayo zamani yasingeulizwa hadharani. Mtoto wa nani ana tezi isiyoisha? Nani ameng'olewa jino na bado amevimba? Muuguzi aliyekuwa mwanachama wa kikoba aliwaeleza kuhusu jicho ambalo, likipigwa na mwanga wa taa au wa kamera, mboni yake hung'aa nyeupe, na kwamba hiyo si dalili ya kupuuzwa. Likiwahiwa, mtoto huweza kupona. Tengeru sokoni, Koko akichoma nyuzi zake, alikuwa pia akitazama watoto waliobebwa migongoni, na zaidi ya mama mmoja alisimamishwa na bibi asiyemfahamu akaulizwa taratibu, baada ya shikamoo na marahaba, kama tumbo la mjukuu huyo limepimwa.

Kofia haikumponya mtu. Hilo akina mama wale walilijua kuliko yeyote. Walioponya ni madaktari, dawa na visu, na pale visipotosha, walikuwapo wauguzi wa tiba shufaa wa Hospitali ya Selian waliokuwa wakizifuata nyumba za wagonjwa mpaka vichochoroni ili mtu asife kwa maumivu. Kazi ya kofia ilikuwa kumfikisha mtoto mbele ya hao wote, mara ya pili, ya tatu, na mara ya mwisho ambayo inachosha kuliko zote kwa kuwa mtoto anaonekana mzima.

Mambo yamesogea. Huduma ya watoto ilihamia Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha, lililoanzishwa mwaka 2011, huwasaidia wagonjwa na wazazi wao. KCMC ya Moshi, kama kilomita 80 tu kutoka Arusha, ilifungua kituo chake cha saratani mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 lengo la kuponya angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo 2030. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80, katika nchi nyingi maskini wanaopona hawafiki asilimia 30. Pengo hilo lina sababu nyingi, na mojawapo ni ile ya Machi 2011: mtoto aliyepata nafuu, na viti vimeshalipiwa kwenda kwingine.

Binti wa kofia ya njano sasa ni mkubwa, ana figo moja na mdomo mrefu, na akija Sanawari hukosoa mishono ya mama mdogo. Nami kila Februari 15, Siku ya Kimataifa ya Saratani ya Watoto, huwaona watu wenye moyo mwema wakipeleka wodini maboksi ya midoli, wanapiga picha, wanaondoka. Sina neno baya nao. Ila mtu akiniomba ushauri, humwambia anunue uzi wa pamba, aufue, akampime mtoto mmoja kichwa, na kabla ya kuchagua rangi amuulize mama yake wanarudi hospitali lini. Kisha aandike tarehe hiyo mahali ambapo yeye mwenyewe ataiona kila siku, aifume kofia iishe jioni ya kuamkia, na ndani yake aweke nauli.